Simu ya Mwizi

Bi Zoraide alipunguza moto chini ya kuskusi ya mahindi, akajifuta mikono, akaweka simu kuukuu mezani, kando ya ile mpya ya mpangaji wake Edileuza. Kioo cha ile kuukuu kilikuwa kimepasuka, nyuma imebandikwa plasta ya kidonda.

"Yako itie kifuani, ndani kabisa. Hii ni ya mwizi. Akisema toa, unatoa hii upesi. Usibishane, usimkodolee macho. Umesikia, binti?"

"Nimesikia, Bi Zoraide. Ila kwetu mwizi huiba mbuzi."

"Basi hapa mbuzi ni wewe."

Edileuza alikuwa ametoka bara, kwenye ukame, akaja mjini Recife kushona sare kiwandani. Kazi yake ilikuwa kushona mifuko ya sare hizo. Alishika mafunzo yote: mkufu wa ubatizo aliuacha nyumbani, begi alilibeba mbele kama mimba.

Simu ya mwizi haikuwa na laini wala betri. Jioni moja, Edileuza akiwa anamenya mihogo, iliita.

"Pokea," alisema Bi Zoraide bila kuacha tasbihi yake. "Ni mama yake Wanderlei."

"Umekula, mwanangu?" iliuliza sauti ya kizee.

Edileuza alimtazama Bi Zoraide, naye akatikisa kichwa kukubali.

"Amekula, mama. Kuskusi na yai."

"Haya. Mwambie avae soksi. Miguu yake huwa ya baridi."

Wakati wa kula Bi Zoraide alieleza. Wanderlei alipanga chumba hichohicho, alikuja mjini kupiga lipu. Mtiifu, hakuna mfano wake. Jioni moja wanaume wawili wasio na sare, walinzi wa duka la samani pale kona, walimfokea asimame. Akadhani ni wezi. Akatia mkono mfukoni upesi, awape simu hiihii yaishe. Walinzi walisema waliona bastola, ndiyo maana wakampiga risasi.

"Mwenye kumfundisha ni mimi," alisema Bi Zoraide, akamwongezea siagi.

"Na kesi?"

"Ilifungwa. Walinzi wako palepale. Mama mtu alikufa kwa uchungu, akazikwa huko bara. Kijana walimzika huku, kaburi halina jina. Ndiyo maana hawajaonana. Bado anamtafuta."

Tangu hapo Edileuza ndiye aliyepokea.

Siku moja alipokuwa akitoka kazini, pikipiki ilipanda njia ya waendao kwa miguu ikamzibia njia.

"Simu!"

"Iko mfukoni, kaka. Naitoa polepole," alisema Edileuza, akampa ile ya mwizi.

Ikaita kiganjani mwa mwanamume. Akainua kofia yake ya pikipiki, akaiweka sikioni, akasikiliza.

"Ndiyo, mama. Nimekula." Akasikiliza tena. "Sawa, nitavaa."

Akamrudishia. "Hii ina mwenyewe. Lete ile nyingine."

Edileuza aligeukia ukuta, akachomoa simu mpya kifuani, akampa.

"Na usipite tena huku, dada," alisema mwizi akiwasha pikipiki. "Huku si salama. Pita kona ya duka la samani, pana walinzi."

Bi Zoraide alimshukuru Mama Bikira kwa uhai wa mpangaji wake. Kitu hununuliwa, alisema.

Kesho yake jioni Edileuza alipita kona ya duka la samani. Walinzi wale wawili walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki wakinywa kahawa. Sasa walikuwa wamepewa sare. Mifuko aliitambua, alikuwa ameishona yeye.

"Habari za kazi, mrembo?" alisema mmoja.

"Nzuri, kaka."

Ndani ya begi simu ya mwizi ilianza kuita. Edileuza hakuishika. Alitembea taratibu, mikono miwili nje, mitupu, viganja vikionekana, nayo ikaita, ikaita, mpaka alipoiacha kona nyuma yake.

Hapo ndipo alipoipokea.

"Amekula, mama," alisema.