Barua ya Pili ya Bwana Bloor

Kwetu Burslem, mji wa wafinyanzi huku Uingereza, mtu hasifiwi mbele ya uso wake. Nilifanya kazi ya ukaguzi kiwandani miaka thelathini na moja, na kazi yenyewe ilikuwa hivi: sahani imetoka tanurini, naishika kwa vidole vitatu, naigonga kwa kijiti, nasikiliza. Ikilia kibovu naitia alama ya penseli. Ikilia kizima naiweka kwenye rundo, nashika nyingine. Sahani nzima haikuambiwa neno. Wanawake waliozipaka maua nao hawakuambiwa neno. Mwanamke akimaliza wiki bila mimi kumrudishia chombo, alijua kazi yake imekubalika, akavaa koti lake akaenda nyumbani ameridhika.

Ndivyo nilivyomlea na mjukuu wangu Tegan. Mama yake, mwanangu wa pekee, alifariki Tegan akiwa na miaka saba, na baba alikuwa ameshashika njia zake kitambo. Tukabaki wawili katika nyumba nyembamba yenye ngazi kali. Akikosea nilimwambia. Asipokosea nilinyamaza.

Tulichozidisha sisi ni vitendawili. Jioni chapati za unga wa oti ziko kikaangoni, jibini inayeyuka ndani, mmoja anatega na mwingine anahangaika. Na humo humo ndimo alimoniambia jambo lake, maana nyumbani kwetu mambo mazito hayaingilii mlango wa mbele.

"Kitendawili," alisema jioni moja ya Novemba. Alikuwa na miaka kumi na tisa, asubuhi anauza chapati dukani kwa Hulme, mchana anasoma ufinyanzi katika chuo cha mji.

"Tega."

"Mama kazaa watoto elfu, maziwa yamemkauka, na watoto bado wameng'ang'ania titi."

"Paka wa jirani."

"Bibi, paka wa jirani ni dume."

"Basi sijui. Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Hanley."

"Hanley nimekwenda jana, nimerudi na mafua."

"Nakupa London, basi, ukatuharibie na huko."

"Sitaki."

"Unataka mji gani, bibie?"

"Nipe ule wa Ohio wenye chuo." Hakucheka aliposema hivyo. "Jibu ni Burslem hii, Bibi. Viwanda vimefungwa, na sisi bado tunajifunza kufinyanga."

Akanieleza. Kuna chuo Marekani kinachofundisha uhandisi wa kauri, miaka minne hadi shahada. Si sahani tu, ni meno ya bandia, ni vipande vya ndani ya injini za ndege. Alikuwa amekwisha kufanya mtihani wao na kuanza kujaza fomu. Kisha akasema neno alilokuwa amelibeba muda mrefu.

"Nikimaliza nikapata kazi, nitaomba kuhamia huko kwa taratibu zao. Siendi kutembea. Sitaki nikudanganye."

"Chapati yako inaungua," nilimwambia, nikaigeuza.

Januari akapeleka fomu zake, pamoja na picha za mabakuli na barua ya mwalimu wake, Clifford Bloor. Tukangoja.

Jumatatu moja ya Februari, saa kumi alasiri, simu ya nyumbani ikalia. Tegan alikuwa darasani. Aliyepiga alikuwa mwanamke wa ofisi ya udahili ya chuo kile, Bi Pruitt, sauti imechangamka kana kwamba tumelelewa chumba kimoja. Kwanza aliniuliza siku yangu imekwendaje. Nikamwambia imekwenda.

"Mama Sherratt, tumempigia binti simu yake haipokewi. Alama zake ni nzuri sana. Mabakuli yake tumeyapitisha mkono kwa mkono ofisini hapa, picha tu. Lakini barua ya mwalimu inatutia wasiwasi."

"Imesemaje?"

Akanisomea. "Nimemfundisha Tegan Sherratt miaka miwili. Hachelewi. Kazi yake si mbaya hata kidogo. Sina la kulalamika." Akashusha sauti. "Mama, niambie kwa siri. Binti na mwalimu huyu wana ugomvi?"

Nikakaa kwenye ngazi. Clifford Bloor nimemjua tangu ana miaka kumi na sita, alipoletwa kiwandani kwetu kujifunza kazi, kabla hajawa mwalimu. Mkewe alipojifungua pacha, tulimuuliza watoto wakoje, akasema, "Wapo." Mtu huyo kuandika "hata kidogo" alikuwa amejitoa roho. Ningemwambia Bi Pruitt hivyo, huenda angeelewa. Sikumwambia.

"Kamati inakutana Ijumaa," alisema. "Ufadhili ni mmoja, na wanaoutaka ni wengi. Tukipata barua nyingine kabla ya Ijumaa mchana, ya mwalimu yule yule au mtu mwingine, mradi asiwe ndugu yake, tutamtazama upya. Bila hiyo, sidhani. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Tegan alirudi saa kumi na mbili, nywele zimelowa. Nikamuuliza habari ya mvua. Jumanne nikamuuliza habari ya dukani, akanieleza mteja aliyetaka chapati isiyo na chapati, yaani jibini peke yake. Tukacheka. Sikusema uongo hata mmoja siku mbili zile. Nilinyamaza tu, na kunyamaza ndiyo lugha niliyoizoea. Nilijua Ijumaa itapita yenyewe, kama basi ambalo hakuna aliyelipungia mkono kituoni. Hapatakuwa na mkosaji. Tegan atabaki, atapata kazi mahali, Jumapili tutakwenda kumtazama mama yake makaburini kama kawaida. Niliyafikiri hayo yote, na yalinipendeza.

Jumatano nilipanda chumbani kwake kufunga dirisha lililokuwa likigongagonga. Kwenye kizingiti cha dirisha alipanga vigae vidogo vya majaribio, kila kimoja amekipaka mpako wa kung'aa aliouchanganya mwenyewe, na nyuma amekiandika namba. Chini yake kulikuwa na daftari. Si tabia yangu kufungua daftari la mtu, lakini siku ile tabia zangu nyingi zilikuwa zimelala. Mistari ilifuatana: namba arubaini na moja, umepasuka. Namba sitini, umechuruzika. Namba tisini na nane, una vidoa. Kisha namba mia na kumi na tatu, kile kigae cha kijani kama maji ya mfereji wetu penye kivuli. Aliandika hivi: "Bibi amekishika, amekitazama muda mrefu. Hakusema kitu. Kizuri."

Nikakaa kitandani kwake na lile daftari mapajani. Mtoto yule alijifunza kuusoma ukimya wangu. Aliuamini. Na mimi tangu Jumatatu nilikuwa nikiutumia ukimya ule ule kumwibia.

Asubuhi ya Alhamisi nilivaa koti la kanisani nikaenda chuoni kwao. Tegan alikuwa dukani, naye sikumwambia, maana angeniuliza wamepiga simu lini.

Bwana Bloor alikuwa peke yake karakanani, anafuta meza kwa sifongo.

"Mama Sherratt. Umekuja kunikagua?"

"Ningekukagua ningekutupa zamani. Kaa chini, Clifford."

Akakaa. Nikamweleza. Alivyosikiliza, masikio yalimwiva.

"Nimemsifu yule msichana kuliko nilivyopata kumsifu kiumbe," alisema. "Niliona hata haya kuipeleka ile barua."

"Wao wamedhani unamchukia."

"Basi hao wana matatizo yao. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Si ndivyo mlivyotufundisha?"

"Chema chajiuza sokoni, mnunuzi akiwa amekishika mkononi. Huyu mnunuzi yuko ng'ambo ya bahari. Hawezi kumgonga akamsikia anavyolia. Ana karatasi yako tu, na karatasi yako imekaa kama mtu aliyetumwa msibani kwa watu asiowajua."

"Unataka nipige tarumbeta."

"Nataka useme unalolijua."

Alinyanyuka, akaenda kwenye rafu, akarudi, akakaa tena. "Nikiyaandika hayo akayaona, atavimba kichwa."

"Hatayaona."

"Na wewe je?" Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Akienda kule harudi. Ameniambia."

"Hata mimi ameniambia."

"Na bado umepanda kilima chote kile na goti lako hilo."

"Goti ni langu. Chukua kalamu."

Akachukua kalamu. Akaandika tarehe. Akaandika "Kwa wahusika." Akakwama. Nimeona wanaume wakibeba trei za udongo mbichi ngazi tatu bila kutoa jasho lililomtoka Clifford Bloor mbele ya karatasi ile. Mwisho nikamnyang'anya kalamu.

"Sema, nami niandike. Usinitazame. Tazama hayo mabakuli yake kwenye rafu. Siku ya kwanza alipoingia humu, uliona nini?"

Akageuka, akaanza kuongea na rafu.

"Niliona msichana anayevunja kazi yake mwenyewe kabla mimi sijamwambia," alisema. "Wengine wanavunja kwa hasira. Yeye alivunja, akakichukua kipande, akakitazama ndani kujua kwa nini." Niliandika. Mwandiko wangu ni wa shule ya msingi, herufi kubwa kubwa, lakini unasomeka. "Ndugu, miaka ishirini na sita nafundisha. Nimepata wenye mikono mizuri, na nimepata wenye vichwa vizuri. Aliyekuja na vyote viwili ni yeye tu. Mwaka jana tanuri letu lilikuwa linaharibu vyombo, fundi akaja mara tatu akashindwa. Tegan alikaa nalo wiki moja na daftari, akaniambia joto linatoroka kona ya nyuma, chini. Ikawa kweli. Sikumshukuru. Nilimwambia aje Jumatatu mapema, tuna kazi nyingi."

"Endelea."

"Akiondoka, sitapata mwingine kama yeye kabla sijastaafu. Nawaomba mumchukue." Akaokota sifongo. "Mumchukue, kwa sababu hapa hatuna tena cha kumpa."

Nikaweka kalamu. Hatukutazamana. Kisha akaichapa upya kwenye kompyuta neno kwa neno, hakupunguza hata moja, ingawa kidole chake kilisita kwenye "yeye tu". Akaituma kabla ya saa sita mchana. Akanipa chai kwenye kikombe kibovu chenye ufa, nikainywa.

Jibu lilikuja Jumatatu ya juma lililofuata. Tegan alilisoma jikoni, amesimama, na koti bado limo mwilini. Amekubaliwa. Ufadhili ameupata. Aliketi taratibu, akakifunika kinywa kwa mkono. Nikageuka nikashughulika na birika lisilohitaji kushughulikiwa.

"Bibi," alisema baada ya muda. "Wanashukuru kwa barua ya pili. Barua ipi ya pili? Wanasema waliiomba kwa simu, Jumatatu ya tarehe kumi."

Ningeweza kusema wamekosea tarehe. Angeniamini.

"Walinipigia mimi," nilimwambia. "Walitaka Bloor aandike upya kabla ya Ijumaa. Nilikaa nayo siku mbili. Nilitaka Ijumaa ipite."

Uso wake ulifanya kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu alipokuwa na miaka saba.

"Ungeninyima?"

"Siku mbili nilikunyima. Alhamisi nilikwenda kwa Bloor."

"Kwa nini ukaenda, basi?"

Hapo nilitamani kutega kitendawili, au kugeuza chapati, au kumwambia chai inapoa. Lakini nilikuwa nimemlazimisha Clifford Bloor kutoa jasho kwa neno, na mimi sikuwa na haki ya kupita bure.

"Nimekagua kazi za watu miaka thelathini na moja," nilisema. "Mamia ya watu, na baadhi yao walikuwa mafundi hasa. Hakuna aliyekufikia. Nilipaswa kukuambia zamani. Sikujua kama yanaweza kusemwa."

Tegan alinitazama muda mrefu. "Bibi, unaumwa?"

"Siumwi."

"Maana ukiumwa niambie sasa, kabla sijakata tiketi."

"Siumwi, nimesema."

Hakucheka. Akavua koti, akalitundika, akapanda juu kwake. Jumanne na Jumatano hakunisemesha. Alikula, aliosha vyombo, alikwenda kazini, akarudi. Sikulalamika. Siku mbili zile zilikuwa haki yangu, nami nilizipokea.

Alhamisi asubuhi aliniita kutoka juu ya ngazi, akaniuliza kama nimeona picha zake za pasipoti.

Nilimwambia ziko kwenye droo ya jikoni, na kwamba ametoka vizuri.