Mikebe ya Boke Hairudi Mitupu

Hakuna aliyemlazimisha Boke kuacha vile vikasha vyeupe. Ilikuwa mvua. Maji yaliposhuka ziwani kupitia mfereji wa nyuma ya hoteli yake, yalibeba takataka za mji mzima wa Sindo, lakini zilizoelea zikaonekana na kila mtu zilikuwa vikasha vyake vya povu, vile vyepesi alivyofungia wateja samaki wa kubeba. Wanawake waliokuwa wakifua ufuoni walivisukuma kando kwa miguu, wakamtazama, wakaendelea kufua. Wangemtukana angejibu, maana Boke si mtu wa kumeza maneno. Kutazamwa vile kulimuuma.

Akasafiri kwao Migori, akarudi na mikebe ya plastiki ngumu yenye vifuniko vya bluu. Sheria ikawa rahisi: unabeba chakula chako ndani ya mkebe, unakula, unauosha, unaurudisha. Vikasha vilivyosalia akavisukuma uvunguni mwa meza ya jikoni.

Asilotarajia ni kwamba mikebe ilianza kurudi na vitu ndani. Hata kwao, Ukuriani huko Migori, watu hawamrudishii jirani chombo kitupu, ila hakudhani hoteli nayo ingehesabiwa kuwa jirani. Min Levi, yaani mama yake Levi, mwenye duka la nyavu, alirudisha wake na njugu. Mzee Maranga alitia viazi vitamu. Mwingine omena, wale dagaa wa ziwani, mwingine ndimu za shambani kwake.

Boke alifurahi kama mtoto, na hapo ndipo alipoharibu mambo. Kila mkebe uliorudi aliufungua pale kaunta, akauinua watu wauone, akamtaja aliyeuleta na alicholeta. Alidhani anashukuru. Sisi tuliokaa pale na bakuli zetu za mchuzi tulipiga makofi, kwa hiyo sitamlaumu peke yake.

Dani Rispa, bibi ambaye kila mtu mtaani humwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, alikuwa akija alasiri kumchukulia mumewe chakula. Mumewe, mzee Elkanah, alivua ziwani maisha yake yote, na sasa yuko kitandani tangu ugonjwa umpige upande mmoja. Kati ya vyakula vyote alikubali kumeza samaki laini wa Boke na mchuzi wake tu. Dani alibeba mkebe wa kwanza, haukurudi. Akabeba mwingine, na mwingine tena. Halafu akaja siku moja mikono mitupu, hoteli imejaa pomoni, na Boke alikuwa ndiyo kwanza ameshusha mkebe wenye njugu za mtu.

"Dani, mikebe yangu iko wapi?"

"Iko nyumbani, nyathina. Iko salama. Nitaleta." Nyathina ni mwanangu, na ndivyo alivyomwita Boke tangu siku ya kwanza.

"Kila siku ni nitaleta. Wenzako wanarudisha, tena na kitu ndani. Leo sipakui mpaka nione mikebe yangu."

Kijiko cha mtu kiligonga bakuli. Dani Rispa alikunja leso yake, akatuaga kwa heshima tuliokuwa karibu na mlango, akatoka. Boke alijiambia utaratibu ni utaratibu, akaendelea kupakua.

Kesho yake Dani hakuja, wala siku iliyofuata. Boke akawa anaangalia mlango kila alasiri. Alimtengea samaki, wakapoa, akawarudisha sufuriani. Alimfokea mpishi wake Chrispine kwa sababu ya chumvi ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Mwishowe akajifunga kitenge akaenda kwa Dani, akijidai anafuata mali yake.

Mikebe ilikuwa mezani, imeoshwa hadi inang'aa, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama vyombo vya wageni. Kitandani mzee Elkanah alikuwa amegeukia ukuta. Kikombe cha uji kando yake kilikuwa kimefanya utando juu.

"Sikuiba, nyathina," Dani alisema. "Nilikuwa nangojea nipate kitu ya kuweka. Njugu ilikataa mwaka huu. Sasa ningeleta tupu namna gani, na wewe unainua watu wote waone?"

Boke alihisi uso ukimchoma.

"Nipe tu hivyo hivyo, Dani."

"Hapana. Ngoja."

Kwenye kona, nyuma ya mtungi wa maji, kuku alikuwa ameatamia. Dani alimwinua kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akatoa mayai, moja baada ya jingine, akayapanga ndani ya mkebe na kufunga kifuniko cha bluu. Boke aliona yote. Angeweza kukataa, lakini kukataa zawadi ya mtu ndani ya nyumba yake, mumewe akisikia, kungekuwa tusi la pili. Akapokea kwa mikono miwili. Njia nzima alisikia joto la mayai likipita kwenye plastiki hadi viganjani.

Aliuweka mkebe kaunta, akaenda kunawa uso. Chrispine, ambaye hakujua lolote, akaona mayai, na mafuta yalikuwa tayari motoni. Akapasua moja.

Kilichoangukia kwenye karai kilikuwa na jicho.

Boke alifika mbio, akaliondoa karai, akakaa sakafuni jikoni akilia bila kujificha. Alitaka kuyarudisha yaliyobaki, lakini yalikuwa yamepoa, na zawadi hairudishwi. Ni yeye aliyemfundisha yule mama kuona aibu. Ni yeye aliyemnyima mgonjwa chakula kwa ajili ya plastiki.

Akasimama. Akachagua samaki mzuri kuliko wote, akamtoa miiba yote, akamlaza ndani ya mkebe na mchuzi, akafunga. Alipofika mlangoni akasimama ghafla. Mkebe huu ukienda, itabidi urudi, na nyumba ile imebaki na nini cha kutia ndani? Kuku mwenyewe.

Akarudi jikoni, akapiga magoti, akavuta kutoka uvunguni kikasha cheupe. Akahamishia samaki humo. Alipita mbele yetu amekishika kwa mikono miwili, yeye aliyeapa kwamba hatakigusa tena, na hakuna aliyethubutu kumtania.

"Hii si ya kurudisha, Dani," alimwambia. "Mkimaliza, mnatupa."

Walimwinua mzee pamoja, wakamlisha polepole. Alimeza. Alimeza tena, akafumba macho kama mtu aliyepumzika. Boke naye akavuta pumzi, akaagana nao na kutoka. Uani kuku alikuwa akizunguka, akiingia ndani, akitoka, akiingia tena.

Kisha akasikia maji nyuma ya nyumba. Dani Rispa alikuwa ameinama juu ya beseni, anaosha kile kikasha cheupe kwa ncha za vidole, taratibu, kisije kikavunjika. Alikikung'uta, akakilaza kifudifudi kwenye kichanja cha vyombo.

"Nitaleta, nyathina," alisema. "Nipe siku kidogo tu."