Sauti Iliyotoka Bila Dhamana

Kila Ijumaa, kabla ya adhuhuri, Zainabu alisimama kwenye geti la gereza mjini, akafungua hotpoti, akamega ugali wa muhogo, akachovya kwenye kisamvu na kula mbele ya Afande Isaya. Ndio utaratibu wa chakula cha mahabusu: anayekileta akionje kwanza. Isaya, mtu wa Kasulu aliyehamishiwa Mtwara na ambaye mpaka leo ming'oko, vile viazi pori vya huko, haimpiti kooni, alimtazama mpaka ameze, kisha akapokea chombo na kukipeleka ndani kwa Hashimu, mume wa Zainabu.

Hashimu alikuwa mgombea udiwani huko kandokando ya Ruvuma, upande wa Mahurunga. Kwenye mkutano wa kampeni aliuliza walikopelekwa vijana wawili wa kijijini, waliochukuliwa na gari lisilo na namba. Swali hilo lilijibiwa kwa kumchukua na yeye. Uchaguzi ukapita, mpinzani wake akapita naye bila jasho, na Hashimu akawa anapelekwa mahakamani kila baada ya wiki mbili kuambiwa kwamba upelelezi haujakamilika. Mtu aliuliza swali moja, hadharani, kwenye kipaza sauti. Kilichobaki kupelelezwa hakuna aliyekijua.

Ijumaa moja, Isaya alipomrudishia hotpoti, Zainabu alitamani mumewe acheke kidogo huko ndani.

"Afande, hebu mwambie Baba Asia, ustaarabu gani huo wa kunirudishia chombo kitupu? Kwao hawakumfunza?"

Isaya akafikisha ujumbe. Kwa Hashimu huo haukuwa utani mdogo. Alilelewa akijua kwamba chombo cha mtu aliyekuletea chakula hurudi na kitu ndani, hata kama ni chumvi ya kufumbata au embe moja. Mahabusu hana chumvi wala embe.

Wiki iliyofuata Zainabu alifika nyumbani, akafunua hotpoti ili aioshe, akakuta mkoromo wa mumewe. Ulitoka, ukaenda moja kwa moja chumbani na kujilaza upande wa ukutani. Zainabu, ambaye hakuwa amepata usingizi wa maana tangu Hashimu akamatwe, alilala hadi jua likachomoza.

Ijumaa ya pili kilikuja kivuli, kimekunjwa vizuri kama shuka. Alikitandika mbele ya nyumba, mahali Hashimu alipopenda kukaa, na mbuzi wakaja kulala juu yake. Jirani yake Felista, mwalimu wa shule ya msingi, alipita akasema, "Afadhali, Mama Asia. Upande huu jua lilikuwa kali mno." Getini, Isaya alieleza kwamba mahabusu siku hizi anasimama juani bila kivuli, lakini kanuni hazisemi lolote kuhusu jambo hilo, basi hakulitolea taarifa.

Kisha ikaja sauti. Kifuniko hakijainuka vizuri, ikauliza, "Mikorosho imepuliziwa salfa?"

Zainabu akajibu kwamba imepuliziwa ya bondeni tu, salfa imekwisha. Wakazungumza mpaka chai ikapoa. Asia, binti yao, akaingia na kusema, "Shikamoo, baba." Sauti ikaitikia, "Marahaba, mwanangu," naye akachukua ndoo, akaenda kisimani. Nyumba ilikuwa na raha ambayo watu wake walikuwa wameshaisahau.

Asubuhi yake ndipo Zainabu alipokumbuka kwamba mahakama ni Jumatatu, na siku ya kupeleka chakula ni baada ya hapo. Mumewe angesimama kizimbani bila sauti. Akakaa kwenye ngazi ya jikoni, akalia kwa majuto. Walimnyang'anya kura na uhuru, na yeye, kwa mdomo wake, akamaliza kilichobaki.

"Ningejinyamazia tu pale getini," akasema.

"Na mimi ningekirudisha kitupu tu, aibu ikapita," ikasema sauti. "Tumeshafanya. Nipeleke."

Jumatatu akaipeleka. Alikaa benchi la nyuma, hotpoti mapajani. Hashimu aliletwa akiwa amekonda, koti likimpwaya. Mwendesha mashtaka akasimama, akasema upelelezi haujakamilika, akakaa. Hakimu akauliza kama mshtakiwa ana la kusema. Hashimu akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Zainabu akafunua kifuniko.

"Mheshimiwa," ikasema sauti kutoka benchi la nyuma, "niambieni kosa langu nilijibu. Kama nina hatia, nifungwe nijue moja. Kama sina, niacheni nikapulizie mikorosho yangu."

Hakimu akavua miwani. "Mshtakiwa, sauti hiyo ni yako?"

Hashimu akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa kweli, naye hakuwa mtu wa kuikana kweli.

Mwendesha mashtaka akasimama tena, safari hii kwa haraka. Alisema kosa linalochunguzwa halina dhamana, na kwa kuwa mshtakiwa amekiri kwamba sauti ni yake, sauti hiyo imekuwa nje ya gereza bila dhamana, kinyume cha sheria. Aliomba irudishwe mahabusu, na iwekwe chumba tofauti na mwenyewe, wasije wakawasiliana na kuharibu upelelezi. Hakimu aliona hoja hiyo ina uzito. Hakuna aliyezungumzia mashtaka. Kesi ikaahirishwa.

Askari alimfuata Zainabu kwenye benchi na kuichukua hotpoti kwa adabu. Sauti ilikuwa ingali inaomba kusikilizwa ilipopitishwa mlangoni, nayo ikazidi kuwa ndogo kwenye korido. Hashimu alipitishwa mlango mwingine.

Alhamisi Zainabu aliazima hotpoti mbili kwa Felista.

"Mbili za nini, Mama Asia?"

"Wamekuwa wawili," akajibu.

Ijumaa akachemsha ming'oko, akapika ugali na kisamvu, akagawa sawa kwa sawa. Isaya akamtazama akionja chombo cha kwanza mpaka akameza. Kisha akamwonyesha cha pili.