Vidonge vya Mzuia Mvua

Kama kuna mtu aliyekula vizuri kwa sababu ya woga wake, basi ni Pak Sarjiyo, yaani Bwana Sarjiyo, wa kijiji cha Karangsari. Kazi yake ni kuzuia mvua. Mwenye harusi, mwenye tohara, mwenye mkutano wa chama, wote humwendea mapema, naye hufunga siku tatu, hali ila wali mweupe na maji. Siku ya shughuli haogi. Anachoma ubani nyuma ya jiko la wenyeji, anachomeka pilipili na vitunguu kwenye vijiti vya mishikaki, halafu anaketi kwenye kiti cha plastiki na kuitazama mbingu. Baba yake alifanya hivyohivyo, na babu yake pia, ila wale wawili hawakuwa na kipaji chake.

Kipaji chenyewe ni hiki. Wingu likitokeza tu upande wa mlima Merapi, Sarjiyo anaanza kutetemeka. Mikono kwanza, halafu magoti. Jasho linamtoka hata kama kuna upepo, pumzi inakatika, anajishika kifua utadhani anataka kuking'oa. Wageni wakiona hivyo wanaacha hata kula.

"Mnamwona? Anavutana nalo."

"Leo limemjia zito."

Mvua isiponyesha, Sarjiyo ameshinda. Ikinyesha, watu wanajibana chini ya turubai linalovuja na kuambiana kwamba bila yeye yangekuwa mafuriko. Haya, nitajie kazi nyingine yenye raha kama hiyo.

Raha hiyo aliiona kila mtu isipokuwa mwenyewe. Yeye alichojua ni kwamba anakufa. Hakuwa akivutana na wingu lolote, masikini. Alikuwa akiogopa aibu: mama wa bi harusi kumkazia macho, keki kulowa, wapiga gambusi kufunika vyombo vyao na kumgeukia. Na woga ukishazoea nyumba hauombi ruhusa ya kuingia. Mwaka huu ulianza kumjia hata kiangazi, mbingu kweupe pee, mtu ameketi anavua viatu, mara moyo unakwenda mbio na ulimwengu unamfunga koo. Usingizi ukamhama. Kwenye tohara ya mjukuu wa mwenyekiti wa kijiji alianguka chali kabisa, macho juu, na kwa bahati mvua haikunyesha. Wiki hiyohiyo akapata kazi mpya nne.

Aliyejua ukweli ni mkewe peke yake, Bu Lasmi, yaani Bi Lasmi, muuza vipande vya soya vya kukaanga viitwavyo tempe. Alimkwangua mgongo kwa sarafu na mafuta mpaka ukajaa mistari myekundu, kwa sababu kwetu ugonjwa usio na jina ni upepo ulioingia mwilini, na lazima utolewe. Alimchemshia manjano na tangawizi. Alimletea maji yaliyosomewa dua. Upepo ulitoka mwingi sana, tena kwa sauti, lakini woga ulibaki palepale.

"Pak," akamwambia asubuhi moja, "mgongo umekwisha. Sina tena pa kukwangua. Twende kliniki."

"Watu wakiniona?"

"Watasema umekwenda kupima presha. Nani hana presha?"

Kliniki ya kata ilikuwa na daktari mpya, Dokta Anindya, binti wa miaka ishirini na minane, mwenye miwani mikubwa na adabu za watu wa mji wa Solo. Alimsikiliza Sarjiyo mpaka mwisho bila kutazama saa, jambo lililomtia Sarjiyo wasiwasi zaidi. Akampima moyo, akamtoa damu, akamwita tena. Moyo haukuwa na kasoro.

"Huu ni ugonjwa wa wasiwasi, Pak," alisema. "Una jina na una tiba. Njia ziko mbili, na unaweza kuzifuata zote pamoja. Ya kwanza ni maongezi. Unakuja kila Alhamisi, tunatazama ni mawazo gani yanayouwasha huo woga. Tujaribu kidogo sasa hivi. Kuna jambo lolote unalolibeba kama jukumu lako, ambalo kwa kweli haliko mikononi mwako?"

Sarjiyo akafikiri kwa moyo mmoja. "Mvua," akasema.

Dokta akatabasamu. "Mfano mzuri. Hata sisi chuoni tulifundishwa kwa mfano huo. Sasa nitajie kitu cha kweli."

"Ndicho hicho, Dokta. Mimi ni mzuia mvua."

Kalamu ikasimama. Binti wa watu akarekebisha miwani, akatafuta maneno, akayapata nusu. "Basi... tungejifunza polepole kukubali kwamba mvua itanyesha ikitaka."

"Nikishakubali, wateja niwaambie nini?"

Lasmi akakohoa. "Hiyo njia ya pili ni ipi, Dokta?"

"Vidonge. Kimoja kila asubuhi baada ya kula. Havifanyi kazi leo wala kesho, ni wiki nne, pengine sita. Mwanzoni tumbo linaweza kuchafuka, au kichwa kikauma. Ukijisikia vibaya zaidi, uje siku hiyohiyo. Usiviache ghafla hata ukijiona mzima. Na nyinyi mnaochemsha mizizi nyumbani, niambieni kila mnachochemsha, maana si kila kitu kinapatana."

"Hivyo vidonge," Sarjiyo akauliza, "vinataka nikubali chochote?"

"Hapana. Vinataka umeze tu."

Akachagua vidonge. Ungekuwa wewe ungechagua nini? Mtu anaambiwa aache alichoachiwa na baba yake, au ameze kitu chenye ukubwa wa punje ya mahindi.

Dokta alimwambia aanze kesho yake. Sasa, kesho yake, kwa hesabu ya siku yake ya kuzaliwa, ilikuwa mbaya hata kwa kuanza kujenga banda la kuku. Sarjiyo akaketi na kalenda, akazijumlisha siku, akapata nzuri ya karibu iliyokuwa mbele kwa siku kumi na moja. Akasubiri. Aliporudi mwisho wa mwezi, Dokta akamuuliza, "Umemeza mwezi mzima sasa. Kuna nafuu?" Na Sarjiyo, ambaye mpaka hapo alikuwa amepata kichefuchefu tu, akainama kidogo na kujibu kwamba nafuu ni kubwa mno, asante sana. Mtu aliyesoma miaka yote hiyo utamwambiaje hapana usoni? Dokta akafurahi, akaanza kuandika. Lasmi akamkanyaga mumewe mguu chini ya meza, kisha akasema yeye: siku kumi na moja, kalenda, kichefuchefu, yote. Dokta akakata alichoandika.

"Pak, hapa ukinidanganya kwa adabu, nitakutibu kwa adabu na hutapona," alisema. Sarjiyo akaona haya mpaka masikioni. Tangu siku hiyo alimeza kila asubuhi, siku njema na siku mbaya.

Nafuu yenyewe haikupiga hodi. Siku moja alilala mpaka jua likamkuta kitandani. Siku nyingine alitafuna tempe akasema chumvi imezidi. Miaka ishirini na saba ya ndoa hakuwahi kusema neno juu ya chumvi, alikuwa anameza tu, roho iko kwingine. Lasmi alisimama na mwiko mkononi, na furaha aliyoipata kwa kukosolewa hakuipata hata kwa shela yake ya harusi.

Wakaingia msimu wa mvua na Sarjiyo akaenda kazini. Harusi ya kwanza, mawingu yakaja kutoka Merapi meusi, yamepangana, na yeye akayatazama. Moyo ukagonga mara mbili tatu, ukatulia. Akawasha sigara ya karafuu. Akakunja nne. Alifunga siku zake tatu, ubani aliuchoma, vijiti alivichomeka, kazi yote aliifanya kama kawaida, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba bi harusi alikuwa mzuri. Mawingu yakapita, hata tone halikudondoka.

Basi ungedhani watu watashukuru.

"Amekaa tu," wakasema. "Umemwona? Anavuta sigara."

"Leo haikuwa na mpango wa kunyesha hata hivyo."

Harusi ya pili nayo haikunyesha, na hapo wakasema ni mabadiliko ya hali ya hewa. Ya tatu ilinyesha manyunyu ya dakika tano, wakasema Sarjiyo amekwisha, nguvu zimemhama, huenda amelala na mke siku ya mfungo. Akatokea mtu wa kijiji cha pili, anatetemeka vizuri, tena mpaka anatoa povu. Wateja wakamhamia. Shughuli za mwezi mzima zikafutwa moja baada ya nyingine, kwa heshima zote, kila mtu akitoa sababu tamu.

Alhamisi moja Sarjiyo akaenda kliniki peke yake.

"Dokta, nataka kuviacha."

"Vimekudhuru?"

"Vimeniponya. Ndiyo shida yenyewe. Mtu mzima haitwi kazini."

Dokta Anindya akaeleza tena kwa nini haviachwi ghafla, na kwamba woga unaweza kurudi mkubwa kuliko mwanzo. Kisha akainuka, akafunga mlango, akarudi kuketi, na ile sauti ya chuoni akaiacha.

"Pak, mimi naolewa mwezi ujao. Tarehe kumi na nane."

"Alhamdulillahi. Katikati ya mvua."

"Tarehe si yangu, ni ya familia, wamehesabu siku. Mama anataka mzuia mvua. Mimi siamini, unajua siamini. Ila wageni ni mia sita na nyumba haina ukumbi." Akashusha miwani. "Nikakutaja wewe. Mama akaja kukuchungulia kwenye harusi ya Jumapili. Anasema umetulia mno."

Sarjiyo hakujua acheke au alie. "Nipunguze dozi?"

"Hapana, tafadhali. Vidonge meza kama kawaida. Ila siku hiyo... ungetetemeka kidogo. Kwa ajili ya Mama. Naye anajuana na kila mtu mpaka mjini, akisema wewe ni mzuri, kazi zote zitarudi."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na Sarjiyo alilijua. Harusi moja tu, mbele ya watu mia sita, na jina lake linasimama tena. Akakubali.

Alasiri hiyo alisimama uani kwake mbele ya kipande cha kioo, akajaribu. Akanyoosha mikono na kuitikisa. Alifanana na mtu anayekausha vidole. Akajaribu magoti, yakawa ya mcheza dansi. Alikuwa ameishi na ule woga miaka yote hiyo, na sasa hakukumbuka hata ulivyoanza.

"Siyo hivyo," alisema Lasmi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anakata tempe. Akaweka kisu chini. "Ulikuwa unaanza na kidole gumba. Unakificha ndani ya ngumi, hivi, ili watu wasione. Halafu unameza mate, mara tatu. Ukifika mara ya tatu najua unakuja."

Akainuka amwonyeshe. Kidole gumba kikaingia ndani ya ngumi. Akameza mate. Bega la kushoto likapanda, kisha la kulia, mdomo ukafunguka kidogo ukitafuta hewa, mkono ukaenda kifuani, si katikati bali chini ya titi la kushoto, ukakamata nguo na kuikunja. Macho yakawa ya mtu anayetazama mlango ambao hautafunguliwa. Magoti yakaanza.

Sarjiyo alijiona. Hakuwahi kujiona kabla ya hapo. Alikuwa mtu wa kutisha na wa kuhurumiwa, na mtu huyo alikuwa ameketi mezani kwa mwanamke huyu kila siku, akalala ubavuni pake, na mwanamke akazisoma dalili zake zote moja moja hadi akazijua kwa moyo.

"Basi, Bu, nimeelewa," akasema.

Lasmi hakuacha. Alikuwa amekunja nguo ile ile, anavuta pumzi fupi fupi, na mashavu yamelowa. "Siwezi," alisema. "Pak, siwezi kuacha." Sarjiyo akamshika mikono yote miwili, ikawa inamruka ndani ya viganja vyake kama ya mtu mwenye homa. Wakakaa chini, wameegemea mtungi wa maji, mpaka mtetemo ukaisha wenyewe. Ilichukua muda mrefu.

"Hii ni mara ya ngapi?" akamuuliza.

"Wewe ulikuwa mgonjwa," alisema Lasmi. "Nyumba moja haiwezi kuwa na wawili."

Kulipokucha walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Dokta Anindya alipomwona Sarjiyo uso ukamchangamka.

"Umefanya mazoezi, Pak?"

"Nimefanya, na sitatetemeka. Nitakuja harusini, nitafunga, nitachoma ubani, kila kitu cha baba yangu nitakifanya. Kisha nitakaa kwenye kiti changu nimetulia, na huyu ataketi karibu yangu ale biriani. Ikinyesha, mtalowa. Mama akitaka wa kutetemeka, yuko yule wa kijiji cha pili."

Dokta akaweka kalamu chini. Kazi zote za msimu zilikuwa zimeondoka na maneno hayo, na wote watatu walijua.

"Leo sikuja kwa ajili yangu," Sarjiyo akaendelea, akavuta kiti cha wagonjwa, akamkalisha mkewe.

Dokta akachukua karatasi mpya. Akaandika jina, akaandika umri, akauliza miaka ya ndoa. Akauliza kuhusu usingizi, kuhusu pumzi, kuhusu moyo kwenda mbio. Lasmi alijibu kila swali kwa sauti ndogo, mikono kwenye mkoba.

"Na hali hii umeanza kuisikia tangu lini, Bu?"

"Tangu nilipoolewa, Dokta. Nilidhani ndivyo ndoa zilivyo."

Bi harusi wa tarehe kumi na nane alimtazama muda kidogo, kisha akainama na kuandika miaka ishirini na saba.