Mgagani wa Kasmir

Nilitoka nyumbani Kahama Jumatatu, na Jumanne saa tano asubuhi nikafungua mlango wa nyumba yangu ya Sanyuanli, Guangzhou. Nilikutana na harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa na miaka kumi na tatu. Niliweka mabegi chini nikasimama. Mtu wa Tarime humdanganyi na harufu ile.

Nyumba yenyewe ni vyumba viwili, ghorofa ya sita, haina lifti. Mkataba una jina langu. Karatasi ya usajili kituo cha polisi ina jina langu. Chumba cha pili nilimpa Kasmir, kijana wa miaka ishirini na saba anayesoma shahada ya pili ya udongo na mbolea kwa ufadhili. Dada yake Sesilia ni mteja wangu wa nguo za watoto, ndiye aliyeniomba nimhifadhi, eti bweni lina kelele. Nilipokwenda nyumbani mwezi wa saba nikamwachia funguo zote. Mtu mzima wa miaka hamsini na moja nikaacha funguo zote.

Niligonga mlango wake.

"Mzee! Umeshafika? Si ulisema Ijumaa?"

"Fungua."

Alifungua kiasi cha kupitisha pua. Nikasukuma. Taa ya zambarau ilikuwa inawaka mchana kweupe. Dirisha limebandikwa karatasi ya fedha, ile ya kufungia samaki wa kuoka. Sakafuni kulikuwa na vyungu kumi na viwili vya plastiki, vimepangwa safu tatu, kila safu na kipande cha boksi kilichoandikwa A, B, C. Juu ya meza mbolea tatu zimesimama kwa mstari kama dawa za mgonjwa, na daftari pembeni.

"Hii ni nini?"

"Ni jaribio, mzee."

"Sijakuuliza inaitwaje chuoni. Ni nini?"

"Ni mmea tu wa..."

"Dogo, mimi natoka Tarime."

Akakaa kitandani. Nilidhani ataona aibu. Badala yake akageuka mwalimu. Akanieleza kwamba mtandaoni watu wanagombana usiku na mchana kuhusu mbolea ipi inafaa kukuzia bangi ndani ya nyumba, na kwamba hakuna hata mmoja anayelinganisha kisomi. Yeye ameamua kulinganisha kisomi. Safu A anaipa unga wa kijani wa kukoroga na maji. Safu B anaipa maji meusi ya mwani. Safu C anaipa kichupa cha bei mbaya chenye picha ya simba na bendera ya kigeni. Kila Jumapili anapima urefu kwa rula na kuandika.

"Safu C imeizidi A kwa sentimita kumi na moja," alisema, na macho yakamng'aa.

"Utavuta au utauza?"

"Kidogo nitavuta. Nyingine kuna wanafunzi wawili watatu wameomba."

Nilimtazama. Serikali mbili zimemsomesha mtu huyu. Mama yake amefundisha shule ya msingi Rombo miaka thelathini ili mwanawe apate akili ya kupima bangi kwa rula ndani ya chumba cha mtu mwingine. Katika nchi hii ukikutwa na kitu hiki, hakuna anayeuliza ni ya safu gani. Unafungwa, ukimaliza unapandishwa ndege, na hurudi tena. Mimi nimefanya biashara Guangzhou miaka kumi na minne. Sijui kazi nyingine.

Nikiwa bado nimesimama, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa fangdong, yule bibi mwenye nyumba. Maonyesho ya biashara ya Pazhou yanakaribia, alisema, kwa hiyo Alhamisi saa nne asubuhi atakuja na askari wa mtaa kukagua wageni kama kila mwaka. Niandae pasi za kusafiria, na vyumba vyote viwe wazi.

Nikamtafsiria Kasmir. Alichonijibu sitakisahau.

"Siku kumi tu, mzee. Ndiyo kwanza zimechanua. Nikizikata leo takwimu zote zimekufa."

"Bora zife takwimu."

Sijamaliza kusema, simu ikalia tena. Alikuwa Kerubo, mama wa Kikisii mwenye mgahawa barabara ya Huanshi Zhonglu, ambako nakula ugali kila Jumamosi.

"Chacha! Umerudi na hata husemi! Sasa skiza, kesho nakuja kuchukua mgagani wangu."

"Mgagani gani?"

"Wa huyo kijana wako, bana. Si ameuweka kwa group?"

Nilifungua simu nikalitafuta kundi letu la WeChat, ambalo sikuwa nimelifungua tangu nisafiri, lile la wafanyabiashara na wanafunzi wa Afrika Mashariki, watu zaidi ya mia mbili. Wiki nane nyuma Kasmir alikuwa ametuma picha ya mche mdogo wenye jani la vidole vitano. Chini yake ameandika: "Wakulima, habari zenu. Napanda mgagani ndani ya nyumba. Mbolea ipi inafaa kati ya hizi tatu?" Majibu yalikuwa arobaini na matatu. Mmoja kasema samadi ya kuku. Mwingine kasema urea kidogo. Wengine wote walikuwa wanaweka oda. Mama mmoja wa Musoma alitaka mafungu sita.

"Niliona majani yanafanana," Kasmir alisema.

Yanafanana kweli, mche ukiwa mdogo. Lakini huwezi kuwaambia watu ambao hawajaonja mgagani miaka minne kwamba unao chumbani kwako, halafu utegemee wakuache upumzike. Sokoni hapa mchicha upo tele, Wachina wanaula kila siku. Mgagani hakuna. Mtu angeficha bangi yake kwa kusema anapanda mchicha, hakuna ambaye angepoteza dakika kumjibu. Msomi wetu akachagua mboga pekee ambayo jiji zima linaililia.

"Umewatangazia watu mia mbili kwamba nyumba yangu ina shamba," nilimwambia. "Askari peke yake ndiye hujamwalika."

Jumatano asubuhi niliingia chumbani kwake nikakagua chungu kimoja kimoja. Sikuwa nimegusa mmea huo tangu utotoni. Baba alikuwa nao nyuma ya mahindi, na kazi yetu watoto ilikuwa kung'oa madume kabla hayajamwaga vumbi kwa majike. Ukiacha dume moja, mavuno yote yanajaa mbegu na mnunuzi anakutemea mate. Nilikuwa darasa la sita siku baba alipokamatwa. Hapo ndipo shule yangu ilipoishia, na sikumwona baba tena mpaka nina ndevu.

"Lete hilo daftari," nilisema.

Akaleta.

"Hapa umeandika nini?"

"Safu C, maua mengi zaidi."

"Hayo unayoita maua ni mapumbu."

"Mzee?"

"Madume. Safu C yote manne ni madume. Safu B matatu. Safu A mawili. Dume hurefuka kuliko jike, ndiyo maana C imepita. Mbolea haijafanya kitu. Na majike yako matatu tazama hapa, yameshabeba mbegu. Ukiyavuta hayo utaumwa kichwa, basi."

Alichukua daftari akapitisha kidole kwenye safu, akahesabu, akarudia kuhesabu. Midomo ilikuwa inacheza.

"Mbegu ulitoa wapi?"

"Dukani. Kwenye chakula cha ndege."

Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa. Jela ya miaka sijui mingapi, kwa chakula cha ndege, na rula juu.

"Miezi miwili na nusu unazitazama kila siku," nikamwambia. "Kwetu ng'ombe angeona."

Alikwenda jikoni akarudi na mkasi, akaanza na safu C. Hilo nitampa, hakuniacha nifanye mwenyewe. Saa sita mchana hapakuwa na jani ndani ya nyumba ile. Jinsi tulivyoyamaliza kinajua choo changu. Taa tukaishusha, karatasi ya fedha tukaibandua. Vikabaki vyungu vya udongo mtupu, mbolea tatu, na harufu.

Saa nane Kerubo akafika na kikapu, anahema kwa ngazi sita. Hakuketi. Alisimama katikati ya sebule akanusa upande huu na upande ule.

"Chacha. Hii si chinsaga," alisema, ndivyo kwao wanavyouita mgagani.

"Karibu maji."

"Wacha maji. Mimi ni wa Nyamira, wewe wa Tarime, tumetenganishwa na mpaka tu. Unadhani pua yangu ni ya Ulaya?"

Nikamwambia yote. Sikuwa na nguvu ya kutunga. Alimgeukia Kasmir, aliyekuwa amejibanza mlangoni.

"Wewe ndiye daktari wa mbolea?"

"Bado sijamaliza, dada."

"Usinidada. Nimeshaambia watu Jumamosi kuna chinsaga na maziwa. Niwapikie nini sasa, rula?"

Ndipo akafungua mkoba akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne. Mbegu nyeusi ndogo za mgagani, mama yake alimpa, alikuwa anazitunza mpaka apate sehemu ya kupanda. Akamwamuru Kasmir apige magoti apande vyungu vyote kumi na viwili. "Polisi akiuliza, mseme ni mboga, na iwe ni ukweli," alisema. Kisha akaingia jikoni kwangu, akamwaga omena kavu, dagaa wa ziwani, kwenye mafuta ya moto, madirisha yote yamefungwa. Baada ya nusu saa macho yalikuwa yanatutoka machozi wote watatu, na ile harufu nyingine ilikuwa imeshindwa.

Alhamisi saa nne kamili fangdong akapanda na askari kijana. Bibi ana miaka sabini na mbili na anapanda zile ngazi upesi kuliko mimi. Askari alipofika mlangoni akaziba pua. Alikagua pasi yangu, akakagua ya Kasmir, akatupiga picha tumesimama ukutani. Kasmir alikuwa anageuka kila mara kutazama chumba chake. Nilimkanyaga kidole cha mguu.

Askari akaingia chumba cha pili akatazama vyungu.

"Hivi ni vya nini?"

"Mboga," nilisema kwa Kichina changu cha sokoni. "Mboga ya kwetu. Huku hakuna."

Aliinama kutazama udongo. Mimi niliona ndege. Niliona kiti changu cha kurudi nyumbani, karibu na choo, na askari mmoja kila upande.

Aliyesogea ni fangdong. Alikuwa ameziona mbolea mezani. Akavaa miwani, akakamata kile kichupa cha simba na bendera, akasoma maandishi madogo ya chini, akaguna.

"Mlinunua hiki? Kimetengenezwa hapa hapa, kiwanda cha hapo nyuma. Maji na rangi." Akakiweka, akachukua cha mwani, akanusa. "Chumvi. Kinaua mizizi." Ule unga wa kijani hata hakuugusa. "Huo ni wa maua ya hoteli. Nani aliwashauri?"

Nikamnyooshea kidole Kasmir.

"Anasoma nini?"

"Mbolea."

Bibi akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele, na katika maisha yangu sijaona dharau iliyopikwa ikaiva namna ile. Akamwambia kwamba yeye anapanda mboga juu ya paa tangu mumewe yuko hai, na kwamba mbolea ni moja, mashudu ya karanga. Unayaloweka kwenye ndoo, unafunika wiki mbili mpaka yanuke kama mzoga, unamwagia kidogo kidogo. Alieleza kwa muda mrefu. Askari alitazama saa, akatazama jikoni kwenye omena, akaweka sahihi kwenye karatasi yake na kushuka ngazi mbio.

Fangdong hakushuka. Alikwenda dirishani, akapitisha ukucha kwenye fremu, akabandua kipande cha gundi chenye karatasi ya fedha ya ukubwa wa ukucha. Akakishika juu ya mwanga.

"Chacha laoban," aliniambia taratibu. Kwa miaka tisa ameniita hivyo, bosi Chacha. "Mboga inapenda jua. Kwa nini mlifunika dirisha?"

Nikanyanyua chungu kimoja nikakisogeza juani.

"Mwisho wa mwezi muwe mmehama," alisema. Akakitia kile kipande mfukoni mwa aproni yake akaondoka.

Angeweza kumwita yule askari arudi, alikuwa hajafika hata ghorofa ya tatu. Hakumwita. Miaka tisa nimembebea magunia ya mchele, mwaka mpya wao ananiletea machungwa, na yote hayo yalinunua kitu kimoja tu, kwamba nitoke kwa miguu yangu. Sikuweza kumlaumu. Siku nzima nilikuwa namtukana Kasmir moyoni, lakini aliyeacha funguo ni mimi, na nikiwa na umri wa kujua.

Sasa nakaa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya mizigo, dirisha linatazama ukuta. Kasmir alirudi bwenini kwenye kelele. Vyungu vilihamia kwa Kerubo, paa la jengo lenye mgahawa wake, kwa kuwa alisema oda ni oda.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kula. Kerubo akaniambia nipande juu nikaone. Nikamkuta Kasmir amechuchumaa juani, rula mkononi, daftari jipya. Ndoo ya mashudu ilikuwa inanuka pembeni kama alivyosema bibi.

"Shikamoo, mzee. Safari hii nimefanya safu mbili tu. Yenye mashudu na isiyo na kitu."

Mgagani ulikuwa umetoka, majani ya vidole vitano, ya halali. Niliutazama upande wa kushoto na wa kulia.

"Ipi inaongoza?" niliuliza, na nikajichukia kwa kuuliza.

Akapima mche mmoja, akapima mwingine, akakuna kichwa.

"Sijui bado, mzee."

Tangu nimfahamu sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo. Nikamwambia ashuke, ugali unapoa.