Nafasi Mbili za Magari

Ofisa wa mipango miji alinyoosha futi yake uani, akavitazama vyuma viwili vilivyosimikwa hapo, akatikisa kichwa. Karakana ya ukubwa huu, alisema, lazima iwe na nafasi mbili za kuegesha magari ndani ya kiwanja chake, siyo barabarani. Bila hizo leseni haitoki, na mwisho wa mwezi mlango unapigwa kufuli.

Roho ilimruka fundi wa miguu ya bandia.

"Mheshimiwa, wateja wangu wanakuja kwa magongo," alisema. "Wengine wanabebwa mgongoni. Magari watayatoa wapi?"

"Mzee wangu, sheria inapima jengo. Haiulizi nani anaingia."

Alisema hayo kwa upole, tena kwa heshima zote. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkata fundi maini. Mtu mbaya angalau unaweza kumtukana.

Ua wenyewe ulikuwa kiganja tu. Vyuma vile vilisimama sambamba, kimo cha kiuno, na katikati yake ndipo watu walipojifunza kutembea upya. Kuuchonga mguu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ilifanyika pale, kwa jasho na machozi.

Siku hizo aliyekuwa akitoka jasho ni shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, mpishi wa shule aliyepoteza mguu ajalini. Ulimi wake ulikuwa mkali, lakini kuanguka alikuogopa kuliko kifo. Shule ilimwekea kazi yake mpaka muhula ufunguliwe, basi. Mpishi wa kupika ameketi hawakumtaka.

"Shemeji, mguu huu umeutoa wapi? Unanivuta kwenda baa," mpishi alimtania fundi, mikono imeng'ang'ania vyuma.

"Basi umefanana na kaka yako, mlevi yule. Haya, songa."

Na alisonga. Kidogo kidogo, huku akilaani, alisonga.

Maji yalipomfika shingoni, fundi akapata wazo la mtu aliyebanwa: aving'oe vyuma, ukaguzi upite, kisha avirudishe kimyakimya. Hakumwambia hata mkewe. Aling'oa, akamwaga zege, akachora mistari myeupe. Ofisa alikuja, akaridhika, akampa leseni. Alipofika mlangoni akageuka.

"Nafasi zibaki wazi, mzee wangu. Nitakuwa napita ghafla. Nikikuta hata kiti, nafunga."

Fundi aliketi palepale kwenye zege, akaona ujinga wake wote.

Asubuhi shemeji yake alifika, akasimama kwenye magongo yake.

"Vyuma viko wapi?"

"Utashika mabega yangu. Mimi nitarudi kinyumenyume."

"Nirudishie vyuma vyangu, shemeji." Safari hii hakukuwa na utani.

"Nikivirudisha wananifungia, na wewe hujamaliza. Niamini leo tu, nakuomba."

Alimwamini. Aliyaweka magongo chini, akamshika mabega yule mzee mwenye mgongo mbovu. Hatua ya kwanza ilikubali. Kwenye ya pili woga ulimvaa, akamwegemea kwa uzito wake wote. Chuma kingestahimili. Fundi aliyumba, akajikwaa, wakaanguka wote wawili.

Aliinuka mbio kumsaidia. Shemeji yake akausukuma mkono wake. Aliketi, akaanza kufungua mikanda ya mguu, mmoja mmoja.

"Jaribu mara moja tu," fundi alisema. "Shemeji, mara moja tu. Muhula huo unafunguliwa..."

"Waambie watafute mpishi mwingine."

"Usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Nipe magongo yangu."

Akamkabidhi mguu. Fundi aliupokea kwa mikono miwili, na akashindwa kujizuia. Mbele ya shemeji yake, mchana kweupe, mlango wa ua ukiwa wazi, alilia kwa sauti.

"Magongo, shemeji," alisema yule mwanamke.