Amina ya Bombani

Watu wa mtaa wa Bombani hawakuibiwa usiku. Waliibiwa mchana kweupe, kipaza sauti kikiwa kimewashwa, na wizi wenyewe ulifunguliwa kwa sala.

Aliyeisali sala ile ni Teodori, katekista wa kigango chao kule Singe, mahali lami ya mji wa Babati inapokata tamaa na mashamba ya mbaazi yanapoanza. Kwa miaka mingi ndiye aliyeongoza ibada Jumapili ambazo padre hakufika, na hapakuwa na msiba, harusi wala mkutano uliofunguliwa bila yeye. Mwenyekiti akisema tu, "Katekista, tufungulie," Teodori alivua kofia, akafumba macho, na maneno yakaja yenyewe kama ng'ombe wanaoijua njia ya zizi.

Siku ile walikuja wageni kwa gari jeupe. Watu wa mradi, ndivyo walivyoitwa. Mwenyekiti wa mtaa, Sosthenes, aliwakalisha kwenye viti vya plastiki, akawaambia wananchi kwamba limekuja jambo la maendeleo, na kabla hajasema ni jambo gani akamgeukia katekista. Teodori hakuuliza. Aliomba. Alimshukuru Mungu kwa kuwapa viongozi. Akamwomba aubariki mradi huu na mikono iliyouleta, alainishe mioyo migumu, aondoe roho ya ubishi. Watu wakasema amina. Hata Halidi mwenye duka, Mwislamu wa watu, alikunjua viganja akaitikia, maana sala ya jirani haiachwi ianguke chini.

Baada ya amina ndipo mradi ukatajwa. Maghala ya mbaazi. Yadi ya malori. Ajira kwa vijana. Yatajengwa wapi? "Eneo hili hili," akasema msemaji wao, mkono wake ukipita juu ya vichwa vya watu kama anayefukuza nzi. Ukubwa gani? Mchakato utasema. Na fidia? Mchakato. Mtu mmoja nyuma alinyanyua kidole, akaangalia kulia na kushoto, akakishusha. Utaulizaje jambo ambalo umekwisha kuliitikia amina?

Msidhani Teodori alihongwa. Heri angehongwa, tungejua pa kumshika. Alikuwa mtu safi, na usafi wake ndio uliotumaliza. Baba yake alishushwa kutoka kwenye nyumba yake huko milimani Mbulu mwaka wa operesheni ya vijiji. Mgambo walimwezulia paa akiwa ndani, watoto wakilia, naye akatoka na rozari shingoni akawaambia wanawe: aliye juu amewekwa na Mungu, tumshukuru kwamba tumetoka wazima. Teodori alikuwa mdogo, akalimeza neno lile pamoja na vumbi la barabara. Tangu awe na umri wa kupiga kura hakukosa uchaguzi hata mmoja, na kila mara alimchagua aliyekwisha kukalia kiti, asije akabishana na mbingu. Kila Jumapili aliwaombea wakubwa kwa majina na vyeo. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kumwombea yeye.

Vijana wa kupima ardhi walipokuja na vyuma vyao, mke wake Mektilda aliwaona jua limewachoma, akawaita. Aliwapakulia makande, akawamiminia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu. Nyumbani kwao chakula cha mgeni kilipikwa kila siku, mgeni aje asije. Vijana wakala, wakasema asante mama, wakainuka wakachimbia bikoni, vile vigingi vya zege vya mpaka, katikati ya maharage yake. Na kwa kuwa mwenzao mmoja alikuwa amekwenda kutafuta vocha, Teodori ndiye aliyewashikia ule mwisho mwingine wa kamba ya kupimia.

"Katekista," Halidi alimwambia jioni, akimpimia sukari, "wewe hata ukimkuta mwizi anakuvunjia mlango utammulikia tochi."

"Kijana wa watu alikuwa peke yake, Halidi. Kamba inataka watu wawili."

"Hata kitanzi wakati mwingine kinataka watu wawili."

Wakacheka. Walikuwa bado wanaweza kucheka.

Kisha zikaja X, alama ya nyumba za kubomolewa. Nyekundu, mbichi, zinachuruzika rangi ukutani: kwa Halidi, kwa Teodori, kwa kila aliyejenga upande wa chini wa bomba la maji lililoupa mtaa jina. Wazee wakajikusanya, wakavaa makoti yao ya kanisani, wakaenda mjini kuonana na Yohanes, kijana aliyesimamia mambo ya ardhi ya mradi. Yohanes aliinuka kwenye kiti chake. Alikuwa na adabu, na hapo ndipo penye kuudhi.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba."

"Mimi ni Mkristo mwenzenu. Nimelelewa parokiani. Siwezi kuwadhulumu wazazi. Sasa nisaidieni, nani alikataa?"

"Hatukuulizwa," akasema Halidi.

Yohanes akatoa simu, akaigeuza kioo kiwaelekee. Na Teodori akajiona kwenye video ya mkutano: kofia mkononi, macho yamefumbwa, uso umetulia kama wa mtoto aliyeshiba. *Ubariki mradi huu na mikono iliyouleta.* Halafu sauti za watu, nene, za pamoja.

"Anayeomba hapa ni nani?" akauliza Yohanes kwa upole. "Na hawa wanaosema amina ni akina nani, malaika?"

Wazee wote walimgeukia Teodori kwa pamoja, na yeye akaitazama kofia yake.

Tangu siku hiyo jumuiya iliyosali kwa zamu nyumba kwa nyumba haikufika kwake. Zamu yake ilirukwa, ikasemwa kwamba ni kwa sababu ya baridi. Ilikuwa Juni, kweli, upepo wa Babati ulikuwa unakata masikio, lakini watu hao hao walikuwa wanatembea mpaka Bonga kwenye mnada bila kuuogopa. Mektilda akapika chakula cha mgeni, akakipakua, akakifunika. Asubuhi alikipasha moto wakala wenyewe.

Aliyekuja ni Bibi Domitila peke yake. Alikuwa mjane mwenye ekari moja ya mbaazi, na katikati ya mbaazi hizo kaburi la mume wake. Hakukaa alipokaribishwa.

"Sikuja kukulaumu, Katekista. Wamekulaumu wa kutosha."

"Karibu ukae, bibi."

"Nimekuja na neno moja. Wewe ndiye uliyeibariki shughuli yao. Basi wewe ndiye mwenye kuiondoa baraka. Nenda kaitoe ile sala."

Teodori akasema sala haitolewi.

"Kwa nini? Mtoto akibatizwa jina baya, si hubadilishwa? Simama pale pale uliposimama, mbele ya watu wale wale, uvue kofia, useme: Mungu, nilikosea, nirudishie. Atakusikia. Wewe hukumzoea jana."

Alikuwa hasemi kwa mafumbo. Aliamini kwamba shamba lake lilikuwa limefungwa kwa maneno ya mtu huyu, na kwamba kinywa hicho hicho kingelifungua. Teodori akamtazama, na kilichomwogopesha ni kwamba naye aliamini hivyo.

Alimpigia simu paroko. Paroko alimsikiliza, akapumua.

"Katekista, usichanganye dini na siasa."

"Baba, nilipouombea mradi, sikuchanganya?"

Paa la kigango lilikuwa na mabati mapya, yaliyoletwa na watu wa mradi wiki ile ile ya mkutano, na wote wawili waliyajua.

"Baba?"

"Mtandao unakatika," akasema paroko, na kweli ukakatika.

Siku ya kukabidhi eneo walikuja wakubwa zaidi, na magari meupe zaidi. Katapila lilikuwa limekwisha kushushwa, limekaa pembeni kama mgeni anayesubiri chakula. Wananchi waliitwa kwa gari la matangazo na wote wakaja, waliopigwa X na wasiopigwa, kwa sababu kutokwenda ni dalili ya ubishi. Teodori alikaa mstari wa mbele na Bibi Domitila upande wake mmoja, Halidi upande wa pili.

"Kama ilivyo desturi yetu," akasema Sosthenes, "Katekista, tufungulie."

Teodori akasimama. Hakuvua kofia. Watu waliliona hilo kabla hajasema neno, na mnong'ono ukapita.

"Mheshimiwa, mimi leo siombi."

Sosthenes akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa. "Mzee koo linamsumbua."

"Koo ni zima. Mara ile niliomba kabla sijauliza naombea nini. Nilibariki kitu sikijui. Naiondoa ile sala. Mbele yenu, mbele ya Mungu, naiondoa. Na amina mliyoisema juu yake, ichukueni kila mtu ya kwake."

Palikuwa na kimya ambacho kingeweza kwenda upande wowote. Miaka mingi nimevisikiliza vimya vya namna hiyo, na nawaambia, mji huwa unaweza kugeuka mle ndani. Kinachohitajika ni mtu wa pili. Mmoja tu, asimame aseme: na yangu. Halidi alishika ukingo wa kiti aanze kuinuka.

Lakini Yohanes aliwahi kipaza sauti. "Mzee wangu," akasema kwa mapenzi, "sala si shati la mnadani, ulivae halafu ulirudishe. Imeshafika!"

Wakubwa wakacheka. Kisha watu wakacheka. Hata waliopigwa X walicheka, kwa sababu mwenye kipaza sauti alikuwa amecheka. Halidi akabaki nusu amesimama, nusu amekaa, halafu uzito ukamrudisha chini.

Sosthenes akavua kofia yake mwenyewe na kuomba. Teodori ndiye aliyemfundisha katekisimu Sosthenes akiwa mtoto, kwa hiyo sala ilikuwa ile ile, neno kwa neno: shukrani kwa viongozi, mikono iliyouleta, mioyo migumu, roho ya ubishi. Alipoitamka roho ya ubishi sauti yake ilipanda. Akafika mwisho.

"Amina," wakasema watu wa Bombani.

Teodori alikuwa ameuma meno mpaka kipaji cha uso kinamuuma. Neno lilimjia kooni lenyewe, akalizuia kama mtu anavyozuia kutapika. Halidi alikuwa ameweka viganja vyake chini ya mapaja. Basi wasioitikia walikuwa wawili. Na halafu, wengine walipokwisha kunyamaza, upande wake wa kushoto, sauti nyembamba, iliyochelewa:

"Amina."

Akageuka. Bibi Domitila alikuwa anafanya ishara ya msalaba.

"Bibi. Umesema nini?"

"Nimesema amina."

"Umeitikia nini? Shamba lako hilo! Kaburi la mzee!"

"Ningefanyaje, Katekista?" "Jina la Mungu limetajwa. Nimwache Mungu ananing'inia hewani kwa ajili ya ekari moja?"

Teodori ndiye aliyewafundisha wote. Jumapili kwa Jumapili aliwakunja migongo kidogo kidogo, kwa upendo, kwa wimbo, mpaka mkubwa yeyote mwenye kipaza sauti akaweza kuja kukaa juu yake. Mimi nilikuwa pale na nilikasirika, na bado nimekasirika, lakini sijamwona mtu aliyesikia uchungu kama yule aliyekuwa amesimama na kofia kichwani.

Katapila liliwashwa kabla hotuba hazijaisha. Lilianzia upande wa bondeni, kwenye mashamba, ili picha zitoke vizuri. Bibi Domitila alipolisikia aliinuka, akachukua beseni lake alilokuja nalo, ambalo watu walidhani ni la kukalia, akaenda. Teodori akamfuata.

Mbaazi zilikuwa zimebeba, lakini zilikuwa bado mbichi, maganda ya kijani, laini. Mwezi mmoja mbele zingekuwa chakula cha mwaka mzima. Bibi akainamia mstari wa kwanza, akaanza kuchuma kwa mikono miwili, haraka haraka, kama anayewakusanya vifaranga mwewe anakuja. Teodori akachuma upande wa pili. Hawakusemezana. Udongo ulikuwa unatetemeka chini ya viatu.

Beseni lilipofika nusu, bibi akaliweka pembeni, akavua khanga ya begani akaitandaza chini kuendelea nayo.

"Lijaze kwanza beseni," akasema Teodori.

"Hilo limetosha. Hilo ni malimbuko. Utalipeleka kanisani Jumapili."

Teodori akaacha kuchuma. "Bibi, usitoe. Mwaka huu usitoe. Utakula nini?"

"Sikuulizi nitakula nini."

"Mimi silipokei!" Alipiga kelele, kelele ambazo hakuwahi kumpigia mtu mzima maishani mwake. "Silipokei! Paa la kanisa lile lile wamelifunika wao! Kapeleke nyumbani, upike, ule!"

Bibi Domitila akaunyoosha mgongo polepole, akamtazama kama unavyomtazama mtoto aliyetukana msibani.

"Si la kwako, Katekista. Tangu lini likawa la kwako? Wao wamechukua shamba. Unataka wanichukulie na la kumpa Mungu?"

Akalisukuma beseni kwa mguu, likagusa kiatu chake. Kulipokea kulikuwa ni kumwibia. Kulikataa kulikuwa ni kumwibia zaidi. Akainama, akaliokota, akalikumbatia kifuani, na akiwa amelikumbatia hivyo hakuwa na mkono wa kuchumia.

Dereva wa katapila akapiga honi. Hakuwa na ubaya, alikuwa anawaonya tu, chuma kilikuwa kimefika kwenye kichwa cha mstari. Bibi akakunja khanga yenye maganda machache, akavuka mpaka mstari wa pili, akainama tena. Honi ikalia. Akavuka wa tatu. Teodori akamfuata na beseni lake, huku mstari wa kwanza ukilala chini nyuma yao, na wa pili ukianza kutikisika.